Paka anayefunga choo: maji kwanza, nyuzinyuzi baadaye

*"Nina paka dume aliyehasiwa, anaitwa Kijivu, ana miaka 9 na uzito wa kilo 6. Tangu akiwa mdogo anakula chakula kikavu peke yake, na bakuli huwa limejaa mchana na usiku. Sasa ni miezi miwili anapata choo kila baada ya siku tatu au nne: vipande vidogo, vigumu, na analia akiwa kwenye trei yake ya choo. Mwezi uliopita daktari alimsafisha tumbo kwa enema, yaani maji yanayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, akaniambia nibadilishe chakula, lakini hakufafanua. Nimejaribu maziwa, kijiko cha mafuta ya zeituni na boga lililopondwa. Juzi alitoa uchafu wa majimaji kidogo nikafurahi, halafu siku mbili kimya. Rafiki yangu anasema nimpe nyuzinyuzi kwa wingi, kama sisi binadamu tunavyoshauriwa. Maji yapo muda wote ila simwoni akinywa. Je, nyuzinyuzi zitatosha? Nimpe kiasi gani? Na chakula gani hasa?"*

Pole sana, wewe na Kijivu. Kabla hatujagusa chakula, nenda kwenye trei yake sasa hivi uangalie kama anakojoa. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, anajikamua, analia na kuondoka bila kutoa kitu, watu wengi hudhani amefunga choo, kumbe mrija wa mkojo umeziba. Kwa macho mambo haya mawili yanafanana sana. Mrija ulioziba unaweza kumuua paka ndani ya siku moja hadi tatu, kwa sababu sumu ambazo zingetoka na mkojo hubaki kwenye damu na potasiamu hupanda hadi moyo unashindwa. Ukikuta mchanga una sehemu zilizolowa au mabonge ya mkojo ya ukubwa wa kawaida, endelea kusoma kwa utulivu. Ukikuta mchanga mkavu, au vitone tu, achana na makala hii na umpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nikichukulia kwamba anakojoa vizuri, nirudi kwenye swali lako. Unataka kujua kama kanuni ya binadamu, yaani kula nyuzinyuzi nyingi ili upate choo, inamfaa paka. Kuna paka inayemfaa sana, na kuna paka inayemdhuru. Kwa paka kama Kijivu, anayeishi kwa chakula kikavu na asiyeonekana kunywa, nyuzinyuzi zinakuja baada ya maji. Na vyote viwili vinakuja baada ya kuhakikisha kwamba tumbo halina mzigo uliokwama. Ukigeuza mpangilio huo, yaani ukarundika nyuzinyuzi juu ya kinyesi kikavu kilichokwama, unaongeza ukubwa wa kitu ambacho tayari kinashindwa kutoka.

Ili uone kwa nini, tufuate safari ya chakula. Kinapotoka kwenye utumbo mwembamba na kuingia utumbo mpana, bado ni kama uji mwepesi. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji kutoka kwenye uji huo na kuyarudisha mwilini. Mwili ukiwa na maji ya kutosha, utumbo unachukua kiasi fulani na kuacha kinyesi kikiwa laini na chenye umbo. Mwili ukiwa na kiu, unavuna hadi tone la mwisho. Halafu kuna suala la muda: kadiri kinyesi kinavyokaa ndani, ndivyo kinavyozidi kukauka. Kikikauka kinaumiza wakati wa kutoka, paka akiumia anaahirisha, akiahirisha kinakauka zaidi. Kijivu yuko ndani ya mzunguko huu sasa. Kulia kwake kwenye trei ni maumivu halisi, na kesho atasita kuingia kwenye trei hiyo kwa sababu anayakumbuka.

Mzunguko huo ukiendelea kwa muda mrefu, misuli ya utumbo hutanuliwa kupita kiasi na kulegea, kama mpira wa kiunoni uliovutwa miezi mingi ukashindwa kurudi. Hali hiyo tunaiita megakoloni. Utumbo unakuwa mpana na hauna nguvu ya kusukuma, na hapo hakuna chakula kitakachorudisha nguvu hiyo. Inawapata zaidi madume wa umri wa kati, mara nyingi bila chanzo kinachojulikana, na pia paka waliowahi kuvunjika nyonga ikaunga vibaya na kubana njia. Sikutishi. Nakueleza kwa nini miezi miwili ya choo cha kila siku ya tatu au ya nne si jambo la kungoja liishe lenyewe. Paka wengi wenye afya hupata choo karibu kila siku. Wapo wanaoruka siku moja na hawana tatizo, mradi kinyesi ni laini na hawajikamui.

Sasa maji. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, *Felis lybica*, mnyama wa nchi kavu ambaye maji yake mengi aliyapata ndani ya mawindo. Panya mzima au ndege mdogo ni maji kwa karibu asilimia 70. Ndiyo maana paka ana figo zenye uwezo mkubwa wa kubana mkojo, na kiu yake huchelewa kumsukuma kwenye bakuli. Hanywi kama mbwa. Kwa hiyo unaposema simwoni akinywa, hilo peke yake si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Kasoro inatokea tunapompa chakula ambacho hakina maji, kisha tukategemea kiu yake ndogo izibe pengo lote.

Tupige hesabu. Paka anahitaji takriban mililita 40 hadi 60 za maji kwa kila kilo kwa siku, ukijumlisha na yaliyomo kwenye chakula. Kwa kilo 6 hiyo ni kati ya mililita 240 na 360. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 6 hadi 10. Kijivu akila gramu 70 kwa siku, anapata humo mililita 5 au 7, zaidi ya kijiko kimoja cha chai kidogo tu. Zilizobaki zote inabidi azinywe mwenyewe, na karibu kila paka wa chakula kikavu hubaki nyuma. Chakula laini cha kopo au cha pakiti kina maji asilimia 75 hadi 80. Kiasi chenye nguvu sawa na zile gramu 70, tuseme gramu 280, kinampa zaidi ya mililita 200 kabla hajagusa bakuli la maji. Hakuna chemchemi ya umeme, bakuli la kauri wala hila nyingine ya kumfanya anywe inayokaribia tofauti hiyo. Ukiniuliza kitu kimoja tu cha kubadilisha kwenye chakula cha Kijivu, ni hiki: maji yaingie kupitia chakula.

Kabla ya namna ya kufanya hivyo, nisahihishe mambo manne uliyoyataja, maana nayasikia karibu kila wiki.

La kwanza ni ule uchafu wa majimaji uliokufurahisha. Sidhani kama ulikuwa choo kufunguka. Kinyesi kigumu kikikaa, ukuta wa utumbo huchubuka na kutoa ute na majimaji, nayo hupenya pembeni mwa kile kibonge na kutoka. Mwenye paka anaona kuhara, anaacha matibabu, au vibaya zaidi anampa dawa ya kuzuia kuhara. Majimaji kidogo yakifuatwa na siku mbili za kimya ni dalili kwamba mzigo bado upo. Hilo ndilo lililonishtua zaidi katika barua yako, na ndilo linalonifanya niseme Kijivu aonwe tena kabla ya kuanzishiwa chochote chenye nyuzinyuzi.

Maziwa nayo yanaeleweka vibaya. Paka wengi wakubwa hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Sukari hiyo inafika utumbo mpana ikiwa haijasagwa, inavuta maji, inachacha, inaleta gesi na tumbo kuuma. Wengine huhara, na hapo watu husema maziwa yamefanya kazi. Ipo dawa halisi inayotumia kanuni ya kuvuta maji, inaitwa laktulosi, ambayo kipimo chake kinajulikana na kinaweza kupandishwa au kushushwa. Maziwa hayana kipimo, na kuhara kunampotezea maji yaleyale tunayoyatafuta.

Mafuta ya zeituni, kama mafuta mengine ya kula, husagwa na kunyonywa karibu yote kwenye utumbo mwembamba. Hayafiki kule unakotaka yalainishe. Yanachoongeza ni nishati kwa paka ambaye kilo 6 huenda tayari ni nyingi kwake. Ukimlazimisha kwa sindano mdomoni, kuna hatari yaingie kwenye mapafu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa yale mafuta ya madini yasiyo na ladha yanayouzwa kama dawa ya kulainisha choo cha watu: kwa kuwa hayana ladha, koo haliyashtukii, yanateleza hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia mbaya sana. Usimnyweshe paka mafuta hayo kwa mdomo, hata kama umeyaona kwenye kabati la dawa la nyumbani.

Boga si baya, ila linapewa sifa lisizostahili. Boga lililopikwa na kupondwa ni maji kwa sehemu kubwa, na gramu 100 zina nyuzinyuzi takriban gramu 3. Kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 15, hakifikishi hata nusu gramu. Kwa paka mwenye tatizo dogo sana kinaweza kutosha, na maji yake yanasaidia. Kwa Kijivu ni kidogo mno, na kuongeza vijiko ili kufikia kiasi cha maana kunamshibisha kitu ambacho si chakula cha paka.

Sasa tuje kwenye nyuzinyuzi zenyewe. Kuna zile zisizoyeyuka, kama pumba za ngano na selulosi. Hizi huongeza ujazo wa kinyesi, ujazo unatanua ukuta wa utumbo, na ukuta ukitanuka misuli inajibu kwa kusukuma. Kuna zinazoyeyuka, ambazo hushika maji. Baadhi huchachushwa na bakteria wa utumbo na kutoa asidi fupi za mafuta ambazo hulisha seli za utumbo mpana na kuamsha misuli yake. Katikati yake kuna ile ninayoipenda zaidi kwa paka: maganda ya mbegu za siliamu, ambayo wengine huyaita ispaghula. Yanafyonza maji mengi, yanageuka utelezi mzito, na kwa kuwa bakteria hawayachachui sana, utelezi huo unabaki hadi mwisho wa safari. Tia kijiko cha chai cha maganda hayo kwenye nusu kikombe cha maji, rudi baada ya robo saa, utakuta yametuna na kuwa kama ute wa bamia. Hicho ndicho tunachokitaka ndani ya utumbo wake. Lakini fikiria pia yangetoa wapi maji hayo kama ungempa makavu, na kwa paka ambaye mwili wake umekauka.

Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia paka 66 waliokuwa wakifunga choo mara kwa mara, wakalishwa chakula kikavu kilichoongezwa siliamu. Wengi walipata nafuu, na baadhi yao waliweza kupunguziwa au kuachishwa dawa. Nakutajia kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba hata chakula kikavu kinaweza kusaidia kikitengenezwa ipasavyo, kwa hiyo paka anayekataa kabisa chakula laini bado ana njia. Pili, haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatuwezi kusema ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na chakula chenyewe. Nausoma kama sababu nzuri ya kujaribu, basi.

Na kuna paka ambaye nyuzinyuzi simpi kabisa: yule ambaye utumbo wake tayari umetanuka na kulegea. Huyo hafaidiki na ujazo, maana hana misuli ya kuusukuma. Anahitaji kinyume chake, chakula kinachosagwa karibu chote na kuacha mabaki kidogo, pamoja na dawa ya kulainisha kila siku. Hapa ndipo ushauri wa rafiki yako, ambao amekupa kwa nia njema, unapoweza kuleta madhara. Tofauti ya paka hawa wawili haionekani kwa macho. Inaonekana kwenye picha ya eksirei: daktari hulinganisha upana wa utumbo mpana na urefu wa pingili ya 5 ya uti wa mgongo wa kiunoni. Ukizidi karibu mara moja na nusu ya urefu huo, ni megakoloni kwa uwezekano mkubwa. Muombe daktari apige picha hiyo. Kusafishwa kwa enema bila picha kulimpa Kijivu nafuu, lakini hakukujibu swali la yeye ni paka wa aina gani.

Tuseme picha imeonyesha utumbo wa upana wa kawaida, na tumbo limesafishwa. Tunaanza na chakula.

Paka aliyekula punje kavu kwa miaka 9 anajua chakula kwa mlio wake wa kutafunwa na umbo lake mdomoni. Ukimwondolea ghafla na kumwekea kitu laini, anaweza kukaa bila kula, na hapa kuna hatari ambayo wenye paka wengi hawaijui. Paka mnene asipokula kwa siku chache, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza hadi linashindwa kufanya kazi. Kwa hiyo ule msemo kwamba njaa ikimbana atakula, kwa paka usiutumie. Akikaa saa 24 bila kugusa chakula, mrudishie kile anachokula na upange upya.

Anza kwa kuondoa lile bakuli la kudumu. Mpe chakula chake kilekile kikavu, kiasi kilekile, lakini kwa milo mitatu au minne kwa siku, na ondoa bakuli baada ya nusu saa. Hili lina faida mbili: anakuja mezani akiwa na hamu, na kila mlo unaamsha utumbo mpana usukume, kwa sababu tumbo likijaa hutuma ishara kwa utumbo. Baada ya siku chache, tia kijiko cha chakula cha maji ya uvuguvugu juu ya punje. Wengine hukubali papo hapo. Wengine huzikataa zikilainika, basi anza na kijiko cha chai ukipanda taratibu. Punje zilizolowa haziachwi siku nzima, zinachacha.

Akizoea, weka kijiko kidogo cha chakula laini pembeni ya punje, usichanganye kwanza. Akianza kukilamba, changanya sehemu moja kwa tisa, kisha ongeza kila baada ya siku chache. Pasha chakula laini hadi kiwe na joto la mwili, karibu nyuzi 38, kwa kukiongeza maji ya moto kidogo. Harufu ndiyo inayomvuta paka, na chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu. Kwa paka mwepesi hatua hizi zinachukua siku 10. Kwa mzee mwenye msimamo zinaweza kuchukua wiki sita, na hakuna ubaya. Hata akiishia nusu kwa nusu umeongeza maji kwa zaidi ya mililita 100 kwa siku. Juu ya chakula laini chenyewe unaweza bado kuongeza vijiko viwili vitatu vya maji ukavuruga kikawa kama mchuzi. Ukipenda kutumia supu ya kuku, ichemshe mwenyewe, bila chumvi, na bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu vyote huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Kwenye kopo tafuta maneno yanayosema ni chakula kamili. Vipo vingi vinavyouzwa kama kitoweo cha nyongeza, samaki watupu au kuku mtupu, navyo havina taurini, kalsiamu na vitamini kwa uwiano anaohitaji paka. Kwa wanaopika nyumbani, nyama bila mifupa ina upungufu wa kalsiamu, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali na kutengeneza kinyesi kigumu kama chokaa. Nimekuta mabonge ya aina hiyo ndani ya paka waliokuwa wakipewa mabaki ya mifupa kila siku. Kama kuna mtu nyumbani anayemrushia Kijivu mifupa chini ya meza, hilo liishe leo.

Siliamu tunaileta baada ya chakula chenye maji kutulia, kama bado choo ni kigumu. Anza na robo ya kijiko cha chai kwa mlo mmoja wa siku. Lowesha kwa vijiko viwili vya maji, subiri ivimbe, ndipo uchanganye na chakula laini. Kaa hapo siku nne au tano. Choo kikiwa bado kigumu, mpe robo katika kila mmoja wa milo miwili, na endelea kupanda kwa mwendo huo. Wengi hutulia kati ya nusu kijiko na kijiko kizima cha chai kwa siku. Zaidi ya hapo, zungumza na daktari. Tumia maganda matupu, yasiyotiwa sukari, utamu wala ladha. Kama anakunywa dawa nyingine yoyote, mpe siliamu kwa tofauti ya saa mbili hivi, kwa sababu ule utelezi unaweza kuishika dawa isinyonywe. Akikinai chakula kwa sababu ya siliamu, iache. Chakula chenye maji kinacholiwa chote kina thamani kuliko chenye siliamu kinachoachwa nusu.

Utajuaje unaelekea pazuri? Chukua kipande cha kinyesi kwa karatasi ukibonyeze. Kile cha sasa nadhani kinapasuka vipande vikavu, au hakibonyei kabisa, na mchanga haushiki juu yake. Unachokitaka ni kigogo kirefu chenye mipasuko kidogo, kinachobonyea bila kubomoka na kinachokusanya mchanga kwa sababu kina unyevu. Kikiwa uji, punguza siliamu. Usitarajie hayo siku ya pili. Mpe wiki mbili hadi nne, ukiandika kila choo na tarehe yake.

Kuna mambo nje ya chakula ambayo hayana budi kutajwa, ingawa kwa ufupi. Paka wa miaka 9 huenda ana maumivu ya viungo. Kuchuchumaa kunamuuma, kuruka ukingo mrefu wa trei kunamuuma, hivyo anakishikilia choo. Trei iwe kubwa, yenye ukingo wa chini upande mmoja, mahali pa utulivu, mbali na chakula. Kanuni nzuri ni trei moja zaidi ya idadi ya paka. Mchezo wa kukimbiza kitu dakika kumi asubuhi na jioni unasaidia utumbo kutembea, na kupunguza uzito pole pole kunasaidia kila kitu. Angalia pia dawa anazotumia: baadhi ya dawa kali za maumivu, za mzio, na za kupunguza maji mwilini hufunga choo.

Kwa daktari, pamoja na eksirei, ningeomba kipimo cha damu na mkojo. Nina sababu mahususi. Ugonjwa sugu wa figo ni wa kawaida kwa paka wanaozeeka, na kufunga choo mara nyingi ni mojawapo ya dalili zake, kwa sababu figo zinashindwa kubana mkojo na mwili unakauka. Potasiamu ikishuka, misuli ya utumbo inalegea; kalsiamu ikipanda, vivyo hivyo. Ikiwa Kijivu ana figo mbovu, chakula nilichokueleza kitabadilika, kwa kuwa itabidi fosforasi iangaliwe. Usichague chakula cha kudumu kabla ya majibu hayo.

Na chakula kisipotosha, hujashindwa wewe wala paka. Laktulosi, au unga wa makrogoli unaochanganywa na chakula, hutumika kwa miaka kwa paka wengi bila taabu, kipimo kikirekebishwa kwa kuangalia ulaini wa choo. Ipo pia sisapridi, inayoamsha misuli ya utumbo. Kwa binadamu iliondolewa sokoni katika nchi nyingi tangu mwaka 2000 kwa sababu ya kuvuruga mapigo ya moyo, lakini kwa paka bado inatumika kwa maelekezo ya daktari. Upasuaji wa kuondoa sehemu ya utumbo upo kwa wale ambao yote yamewashinda. Kijivu, kwa ulivyonieleza, hayuko huko.

Ninakuomba sana jambo moja: usimpe enema ya binadamu nyumbani. Zile chupa ndogo za dukani mara nyingi zina fosfeti, na kwa paka fosfeti hiyo hunyonywa haraka kwenye damu, kalsiamu inaporomoka, sodiamu inapanda, na paka anaweza kufa ndani ya saa chache. Daktari hutumia maji ya uvuguvugu au mchanganyiko salama, mara nyingi paka akiwa amelazwa na kuongezewa maji ya mshipa.

Kwa leo fanya hivi. Hesabu kuanzia choo chake cha mwisho cha kweli, usihesabu yale majimaji. Zikifika saa 48 na anajikamua, au saa 72 hata kama ametulia, aonwe na daktari. Asingoje hata saa hizo iwapo anatapika, amekataa kula kwa siku nzima, amejikunja kwa maumivu ukimgusa tumbo, ametoa damu, au mchanga wake hauna mkojo. Kwa maelezo yako ya zile siku mbili za kimya, nadhani muda huo umeshafika, kwa hiyo piga simu ya kliniki leo uombe aonwe na kupigwa picha. Nenda na pakiti ya chakula chake, orodha ya dawa zote, tarehe za vyoo vya wiki hizi, na kama unaweza, kipande kimoja cha kinyesi kwenye mfuko. Siliamu usimpe hadi daktari athibitishe kwamba tumbo ni tupu na utumbo haujatanuka. Kile kijiko cha maji ya uvuguvugu juu ya punje zake, kama bado anakula na hatapiki, unaweza kuanza nacho jioni hii.